Dakika Tano za Gundi

"Usimwangalie mdomo."

Ilikuwa mara ya nne Mpima anayasema maneno hayo, na hata getini kwa mama yake walikuwa hawajafika.

"Nimekusikia."

"Mwangalie macho. Au angalia ukutani, kuna picha nyingi. Ila mdomo, Fundi, nakuomba sana, mdomo uache."

"Nimekusikia, mpenzi. Ukirudia mara ya tano ndiyo nitauangalia."

Alijibu kwa utani, lakini viganja vilikuwa vimemlowa jasho na mkoba ulikuwa unamteleza. Mchumba wake hakuwa anamwonea. Fundi alikuwa anatengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya hospitali, na miaka kumi ya kazi hiyo ilikuwa imemharibu. Watu wengine wakikutana na mtu huanza na macho. Yeye alianza na meno, akaendelea na ufizi, macho akayafikia baadaye kama nafasi ipo.

Hata mapenzi yao yalianzia hapo. Mpima alikuwa mpima viwanja. Siku moja alikuja kuweka mipaka ya uwanja wa hospitali, jua likamchoma, akapita kwenye kile chumba kuomba maji. Dada aliyevaa aproni yenye vumbi la plasta akampa glasi, kisha akasimama akimtazama mdomo. Akautazama. Akazidi kuutazama, akasogea karibu. Kijana wa watu, kichwa kimejaa jua, akaona bahati imemwangukia. Akafumba macho, akainamisha uso taratibu, na badala ya busu akahisi kidole kinamnyanyua mdomo wa juu kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani.

"Jino lako la pembeni limetokeza," dada alisema. "Zuri sana. Nimetafuta umbo hilo siku nyingi."

Walicheka mwaka mzima kwa kisa hicho. Siku hii hawakucheka. Baada ya wiki tatu Mpima alikuwa anaondoka kwenda kupima ardhi mkoa wa mbali, kazi ya miaka miwili. Mama yake akisema ndiyo, wangefunga ndoa na kuondoka wawili. Akisema hapana, angeondoka peke yake, maana aliwahi kusema wazi kwamba hataoa bila baraka za mama. Baba yake alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na mtoto alikuwa ni huyo huyo mmoja. Fundi alimpenda kwa msimamo ule na alimchukia kwa msimamo ule ule, ikitegemea saa.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Fundi hakulitamka. Aliwahi kusimama mbele ya familia moja kabla ya hii. Walimkaribisha vizuri, wakamuuliza kazi yake, akaitaja, na jioni ile ile wakatuma neno kwamba hawawezi kupokea mke anayeshika meno ya maiti. Maiti gani? Nani aliwaambia? Hakupewa hata nafasi ya kujibu. Tangu siku hiyo alijiapia kwamba atakaa tena kwenye kiti cha kukaguliwa mara moja tu maishani, na ikishindikana basi, atajifungia na plasta yake.

"Mama umemwambia nafanya kazi gani?" aliuliza wakiwa mlangoni.

Mpima alikohoa. "Nimemwambia unafanya kazi hospitali."

"Mpima!"

"Si uongo. Nimepunguza tu."

Mlango ukafunguliwa kabla hajamfinya.

Mama yake Mpima alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata waliozaliwa baada ya yeye kuacha kazi. Alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, na mkononi alishika kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Karibu ndani." Aliyasema akiwa ameinua kitambaa hadi mdomoni, midomo haifunguki zaidi ya upana wa sarafu.

Nyuma yake alitokea Shangazi, dada wa marehemu baba, mfupi, mnene, sauti imemtangulia. "Huyu ndiye? Haya, njoo nikukumbatie! Wifi, mbona umesimama mlangoni kama askari? Mpishe mgeni."

Wakakaa sebuleni. Mezani kulikuwa na sahani ya karanga za kukaanga, na Shangazi alizisifia kwamba kazikaanga mwenyewe, kama kila Jumapili, kwa sababu wifi yake anazipenda. Fundi aliangalia picha za ukutani kwa bidii ya mtu anayefanya mtihani. Aliangalia picha ya mahafali, picha ya harusi, picha ya Mwalimu akiwa kijana, amecheka kwa kinywa kizima, kichwa kimerudi nyuma. Kicheko kile kilikuwa kizuri mno, akageuka kumtazama mwenyewe aone kama bado kipo.

Kitambaa kikapanda haraka. Macho ya Mwalimu juu ya kitambaa yalikuwa makali.

Basi, hanitaki, Fundi aliwaza. Ananiziba pua kama mtu anayepita jalalani.

Kuanzia hapo mambo yakaenda kombo. Kila Fundi alipoinua macho, kitambaa kilipanda. Kila kilipopanda, aliona aibu, akaangalia chini, kisha akajikuta anachungulia tena kuona kama kimeshuka. Mwalimu naye alimwona binti huyu anavyomchungulia mdomo kwa wizi, akakaza midomo zaidi. Maswali aliuliza mawili tu, yote kwa sauti ya ndani ya shavu: kwao ni watoto wangapi, na wazazi wake wazima. Akachukua karanga kiganja kizima, akakipeleka mdomoni, taya zikacheza kidogo. Lakini Fundi aliuona mkono ule ukishuka na karanga zake zote na kuingia mfuko wa gauni. Hata karanga hataki kula na mimi, alijisemea.

"Chakula tayari," Shangazi alitangaza. "Tuhamie mezani."

"Asante kwa kuja, binti," Mwalimu alisema akiinuka. Mwishoni mwa neno lile kikasikika kitu.

Tok.

Kidogo sana, kama mtu aliyegusanisha vifungo viwili. Shangazi hakusikia. Mpima hakusikia. Fundi alisikia, akasimama palepale na mkoba mkononi. Miaka kumi alikuwa anaisikia sauti ile ofisini. Yalikuwa meno ya juu, ya bandia, ya zamani, yamepinda, hayashiki tena ufizi.

Yote yakamjia kwa pamoja, kitambaa, midomo, karanga mfukoni. Mama huyu hakuwa anamdharau. Alikuwa anajificha. Na yeye, mwenye ufundi wake wote, alikuwa amemkodolea mdomo nusu saa nzima! Laiti ardhi ingepasuka angeingia na mkoba wake.

Mezani alikula akiangalia sahani, hageuki kulia wala kushoto. Mwalimu alijipakulia wali laini na mchuzi, na kipande kimoja cha nyama kwa ajili ya heshima. Mpima alimtupia mchumba wake jicho la shukrani. Kwa upande wake, mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

"Sasa binti," Shangazi alisema, "hospitali unafanya nini hasa? Nesi?"

"Shangazi, mwache ale kwanza," Mpima alidakia.

"Anakula. Mdomo ndio unakula, masikio yako huru. Eh, binti? Nesi?"

Fundi alimwangalia Mpima. Mpima alitikisa kichwa kidogo sana, macho yanaomba. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na nesi hakuna anayemkataa. Lakini angeolewa nesi, halafu yeye aende wapi?

"Natengeneza meno, shangazi. Meno ya bandia."

Kijiko cha Mwalimu kikasimama hewani.

"Meno?" Shangazi alisogeza kiti. "Ya watu?"

"Ya watu."

"Maana nilisikia yanang'olewa kwa maiti."

"Hapana, shangazi. Ni plastiki."

"Ndivyo wanavyosema, plastiki. Yupo jirani yetu mmoja, aliwekewa, akawa anaota ndoto za mtu mwingine!"

"Shangazi!" Mpima aliweka uma chini.

"Nauliza tu! Kuuliza ni kosa? Kwa hiyo, binti, wewe ukimwangalia mtu hivi mdomoni, unajua kama ni yake au si yake?"

Hakuna mtu duniani ambaye angejibu swali lile vizuri. Fundi alifungua mdomo, na bila kukusudia, kwa mazoea yale yale yaliyomponza siku zote, macho yakamkimbilia Mwalimu. Sekunde moja tu, lakini Mwalimu aliyaona. Akauma nyama kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba anaweza.

Tak!

Safari hii wote walisikia. Mwalimu alijiziba kitambaa kwa mikono miwili, akasukuma kiti nyuma kikaanguka, akaenda jikoni bila kusema neno.

"Mama?" Mpima alisimama. Uso wake ulikuwa umekuwa mwingine. "Umeona? Ndiyo maana nilipunguza! Sasa amechukia kazi yako, na huyo akishachukia..."

"Kaa chini. Niache niende mimi."

"Wewe? Humjui mama, Fundi."

"Kaa, nakuomba."

Akachukua mkoba wake akamfuata.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye sinki, mgongo kwa mlango, bomba linamwaga maji. Fundi aliingia, akafunga mlango, akatia komeo.

"Mama, yamevunjika?"

Mwalimu hakugeuka. Mkono wake ukaenda ukutani. Pembeni ya jokofu kulikuwa na ubao mdogo mweusi wa kuandikia mahitaji ya nyumbani, bila shaka aliuchukua shuleni siku ya kuaga, na juu yake iliandikwa: chumvi, sabuni, viberiti. Akafuta viberiti kwa kiganja, akachukua chaki, akaandika kwa herufi zilizonyooka kama mistari ya gwaride:

NANI AMEKUAMBIA?

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nimesikia mwenyewe pale sebuleni. Masikio yangu yamezoea."

Akafuta sabuni. MWANANGU AMEKULETA UNIKAGUE?

"Hapana! Hajui chochote. Alinikataza hata kukuangalia, kwa sababu mimi nina tabia mbaya ya kuangalia watu mdomo. Wote. Hata yeye mwenyewe nilianza na jino lake. Nisamehe, mama. Nilidhani unaziba uso kwa sababu hunitaki."

Mwalimu akageuka taratibu. Kitambaa kilikuwa usoni, macho yamejaa maji. Akafuta chumvi.

NILIDHANI UNANICHEKA.

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wamepoteza Jumapili nzima kumwogopa mtu ambaye naye alikuwa anaogopa.

"Nionyeshe," Fundi alisema, sauti imekuwa ile ya kazini. "Mimi kwa wiki naona vinywa vitupu thelathini. Kuna mzee mmoja anabeba meno yake mfuko mmoja na funguo. Cha kwako hakiwezi kunishtua."

Mwalimu akafungua kiganja. Meno ya juu yalikuwa vipande viwili, yamepasuka katikati, na kwenye mpasuko kulikuwa na matabaka ya kitu kigumu cha njano.

"Hii nini?"

Mwalimu alifungua kopo la sukari, akachimba kwa kijiko, akatoa kichupa kidogo cha gundi.

"Mama! Hii ni ya soli za viatu! Nani alikufundisha?"

NIMEJIFUNDISHA. Kisha, baada ya kufikiri, kwa ukweli wa mwalimu: MARA KUMI NA MOJA.

Ubao ulieleza mengine kwa vipande. Alitengenezewa mwezi mmoja baada ya mazishi ya mumewe, safari ya mbali, mahali ambapo hakuna anayemjua. Aliyemtengenezea alifunga ofisi. Mwanawe hakuambiwa, kwa sababu wanafunzi elfu walishamwona akiwa imara, na hakutaka mtoto wake mwenyewe awe wa kwanza kumwona amepungua.

Fundi alifungua mkoba akatoa tupa yake ndogo na kipande cha msasa, akaanza kukwangua ile gundi ya miaka sita. Kwaru, kwaru, kwaru. Kisha akasogeza uso.

"Fungua mdomo nione kama umeumia. Zaidi. Usiogope. Zaidi, mama. Hapa panauma?"

"Aaaah!"

Nje ya mlango kitu kilidondoka.

"Umesikia?" Ilikuwa sauti ya Shangazi, karibu sana, bila shaka sikio lilikuwa juu ya mbao. "Anamkwangua! Anamkwangua mama yako!"

"Shangazi, ondoka hapo."

"Niondoke? Hujasikia 'fungua mdomo'? Njoo wewe usikilize!"

Fundi na Mwalimu wakaganda. "Tuiunganishe haraka," Fundi alinong'ona. "Leo nitatumia hii hii gundi yako, Mungu anisamehe, ili vipande visipotee na nipate cha kupimia. Ila huyavai tena, umenielewa? Kesho nakuja na plasta nikuchukulie vipimo, nakutengenezea mapya."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi. Fundi akadondosha gundi, akalinganisha vipande kwa ncha za vidole, akabana. Akatazama saa ya ukutani. Dakika tano. Mkono ukicheza, vinakauka vimepinda, na umbo la kinywa cha mama huyu linapotea.

Mlango ukagongwa.

"Mama?" Mpima. "Mama, uko salama?"

Mwalimu alimtazama Fundi. Bila meno ya juu, neno lolote lingemtoa hadharani. "Mmh," akasema.

"Mmh ya ndiyo au mmh ya hapana?"

"Mmh!"

"Hiyo ni mmh ya mtu aliyezibwa mdomo!" Shangazi alipiga kelele.

"Fundi, kuna nini humo?"

"Hakuna kitu, mpenzi. Nipe dakika nne."

"Dakika nne za nini?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi? Basi fungua mlango."

"Siwezi, mikono yangu ina kazi."

"Ina kazi wapi?" Shangazi aliuliza, na kujijibu: "Shingoni! Wala haiko mbali, shingoni!"

Kama si hofu, Fundi angecheka mpaka aanguke. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni kwa kasi, NIKO SALAMA, akauondoa ukutani na kuuelekeza mlangoni, kama vile mbao zinasoma. Kisha akagundua alichofanya, akaushusha.

"Mama, sema neno moja tu," Mpima alisema. Sauti ilikuwa imeacha kupanda. Ilikuwa imeshuka, na hilo ndilo lilimtisha Fundi, kwa sababu mwanaume yule akikasirika hupunguza sauti. "Jina langu tu. Liseme."

Bomba linadondosha matone. Dakika mbili zimepita.

"Fundi."

"Nipo."

"Mzazi niliyebaki naye ni huyo. Alitoka mezani amejiziba uso, wewe ukamfuata, ukafunga mlango kwa komeo, nasikia anapiga ukelele, na sasa hazungumzi. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Unafungua, au unaniambia kinachoendelea?"

"Nikikuomba uniamini?"

"Nakuomba ufungue."

"Dakika tatu, Mpima. Tafadhali."

"Basi," alisema taratibu. "Usipofungua sasa hivi, mimi na wewe tumeishia kwenye mlango huu."

Fundi akakaza vidole. Ingetosha kusema sentensi moja fupi, meno ya mama yako yamevunjika, na yote haya yangekwisha. Angeolewa. Angepanda gari na mume wake baada ya wiki tatu. Mwalimu naye alilijua hilo, maana alishika chaki, na safari hii herufi zake zilipinda.

MWAMBIE.

Fundi akatikisa kichwa.

Mwalimu akagonga ubao kwa chaki. MWAMBIE!

"Siri ni yako, mama," Fundi alinong'ona. "Mimi natengeneza tu."

Na machozi yakaanza kumtoka. Hakuwa na mkono wa kuyafuta. Yalishuka mashavuni, yakafika kidevuni, yakadondokea kifuani, naye amesimama wima amebana meno ya watu kwa vidole vinne, anahesabu sekunde.

Mwalimu alimtazama. Akasogea. Kisha akafanya jambo ambalo, bila kuombwa, hakuwa amemfanyia mtu yeyote kwa miaka sita. Akaondoa kitambaa usoni pake, na kwa kitambaa kile kile akamfuta binti machozi, shavu moja, kisha jingine, kinywa chake kikiwa wazi hapo karibu, mdomo wa juu umeingia ndani, uso umezeeka miaka kumi na umekuwa mpole mara kumi.

Halafu akaweka chaki chini, akavuta komeo.

Shangazi, aliyekuwa ameegemea mlango, aliingia jikoni bila kupenda na kushikilia jokofu. Nyuma yake alisimama Mpima, uso mweupe kama karatasi. Alimwona mama yake. Akamwona Fundi analia. Akaviona vidole na kilichobanwa kati yake.

"Mwache," Mwalimu alisema. Neno lilitoka limejaa upepo, lakini sauti ilikuwa ile ya mbele ya gwaride. "Anatengeneza meno yangu. Amekataa kukwambia kwa sababu nilikuwa naona aibu. Nimemwamuru akwambie, mara mbili, na bado amekataa. Umemtishia kumwacha, naye amekataa. Wewe mpima ardhi, kuna mtu mwingine umempima akawa na kimo hicho?"



"Wifi," Shangazi alisema polepole, mkono kifuani. "Kumbe huna meno."

"Sina."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba."

Shangazi alihesabu kimoyomoyo. Uso wake ukapanda, ukashuka. "Miaka sita! Miaka sita, kila Jumapili, nasimama jikoni nakukaangia karanga kwa sababu unazipenda, kumbe unazipeleka wapi?"

Mwalimu akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akazitoa, akaziweka juu ya meza. "Kuku wa jirani wananipenda sana," alisema.

Kisha Mwalimu akacheka. Kwanza kwa pua, kwa mazoea, mkono ukapanda kutafuta kitambaa, ukakikosa, kwa sababu kitambaa kilikuwa begani kwa Fundi. Basi akaacha kukitafuta. Kicheko kikatoka chote, kichwa kimerudi nyuma, ufizi wazi, kama ile picha ya ukutani. Shangazi akaambukizwa, akakaa sakafuni akijipiga mapaja. Mpima alisimama akimtazama mama yake, akicheka na kulia, kwa sababu hakujua mpaka wakati ule kwamba kicheko kile kilikuwa kimepotea. Alidhani mama amezeeka tu.

"Dakika tano," Fundi alisema. Akaachia vidole. Meno yalikaa sawa. Akayaweka kwenye sahani ndogo dirishani yapate hewa, kisha akaangalia mkono wake. Dole gumba na kidole cha shahada vilikuwa vimegandana.

"Njoo," Mwalimu alimwambia, na kumshika mkono ule ule. "Mafuta ya kupikia huwa yanaachanisha, nina uzoefu. Na wewe," alimgeukia mwanawe, "nenda nje ukae ufikiri maneno uliyoyasema kwenye mlango wangu. Ukishapata ya kuyafuta, uje umuombe. Akikusamehe, njooni wote wawili mniambie tarehe. Asipokusamehe, nitakuwa upande wake."

Jua lilikuwa limeanza kulegea Fundi alipotoka, vidole vinanukia mafuta. Mpima alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, kichwa mikononi. Alisimama haraka.

"Fundi."

"Umefikiri?"

"Nimefikiri. Sina la kujitetea. Niliogopa, nikachagua kukuumiza kwanza. Na ningerudi nikupigie magoti kesho yake, lakini hilo wewe hukulijua, na ulibaki umesimama." Akamtazama vidole. "Sijui kama nastahili mtu anayebaki amesimama."

"Hujui?"

"Sijui. Ila namtaka."

Fundi alimwacha asubiri, tena akahakikisha anasubiri vizuri. Uchungu ulikuwa bado umekaa kifuani, na alijua utakaa siku mbili tatu, naye hakuona sababu ya kuufukuza. Ndani, Mwalimu na Shangazi walikuwa wanagombana kuhusu tarehe, mmoja kwa sauti ya upepo na mwingine kwa sauti ya tarumbeta.

"Ukinifungia mlango wa maneno tena," alisema mwishoni, "nitakung'oa hilo la pembeni bila ganzi."

"Nimekubali."

Akasogea. Akamtazama mdomo. Akazidi kuutazama, na Mpima, aliyewahi kuaibika kwa jambo hili hili, akakaza macho yawe wazi.

"Unaangalia jino," alisema kwa tahadhari.

"Fumba macho," Fundi alimwambia. "Leo siangalii jino."